Shemegi alizama mzima, akapanda mzima, nusu saa baadaye miguu haimbebi. Mwenzake hana kitu. Kwa nini?

#1 Mpemba_Halisi
Assalaam alaykum wakuu. Nisaidieni kwa hili maana nyumbani kila mtu ana lake.

Shemegi yangu mzamiaji wa majongoo ya bahari. Si wa kuokota maji yakitoka, ni wa mitungi, anafuata pauni, aina ya jongoo, kule kwenye kina. Siku hiyo walizama yeye na mwenzake, mitungi mitano mitano, pima 15 hivi, tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Ule wa tano ulimwishia hewa huko huko chini, akapanda mbio. Kaingia chomboni anacheka. Kavuta sigara. Kasema ngozi ya tumbo inamwasha. Walipokaribia pwani akataka kuinuka atie nanga, miguu haipo. Si kwamba inauma, haipo. Na mkojo ukafunga mpaka hospitali wakamtia mpira.

Sasa mwenzake walizama bega kwa bega, idadi ile ile, maji yale yale. Hana hata mafua. Wazee wanasema mahala pale pana mwenyewe na hakuombwa ruhusa. Daktari aliyempokea kasema kiharusi. Kijana mmoja wa hotelini kanambia ni hewa. Hewa gani inamchagua mmoja inamwacha mwengine?

#2 Kibaraka_wa_Buguruni
Nimeona "mzamiaji" nikajua wale wa meli za Ugiriki 😂 Pole sana mkuu, nimesoma mpaka mwisho nikaona aibu. Natandika mkeka hapa mbele, nasubiri wajuvi.

#3 Chuma_Mboga
Mita 15 hazimuumizi mtu. Watalii wanashuka hizo kila siku na matumbo yao. Kila mita 10 presha inapanda mara 10, kwa hiyo angekuwa ameumia chini kule kule, si juu. Huyo ana lake jingine, mpimeni sukari.

#4 Ticha_Fizikia
#3, makosa mawili kwenye mistari mitatu, ungekuwa darasani kwangu ungesimama.

Kwanza kasema pima, hakusema mita. Pima moja ni mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, kama mita 1.8. Pima 15 ni mita 27. Pili, juu ya maji tunabeba uzito wa anga moja. Kila mita 10 za maji ya chumvi zinaongeza anga NYINGINE moja. Mita 10 ni anga 2, mita 20 ni 3, mita 30 ni 4. Kwa mita 27 shemegi yake alikuwa kwenye anga 3.7.

Na mtungi unampa hewa yenye presha ile ile ya maji yanayomzunguka, la sivyo kifua kisingefunguka. Kila pumzi moja kule ni sawa na pumzi karibu nne za hapa juu. Oksijeni mwili unaitumia. Naitrojeni hauna kazi nayo, kwa hiyo inayeyuka ndani ya damu, mafuta, uti wa mgongo, inakaa kimya. Ukipanda taratibu inatoka kwa mapafu kama ilivyoingia. Ukipanda mbio inageuka mapovu pale pale ilipo. Fungua soda uone.

#5 Chuma_Mboga
Sawa ticha, nimekaa chini. Lakini soda inatoa povu palepale ukifungua. Huyu kavuta sigara nzima kwanza. Soda gani inasubiri nusu saa?

#6 Nesi_Mstaafu
Pole Mpemba. Nimewahi kuwapokea hawa, nitasema nilichokiona.

Kiharusi cha kichwani kwa kawaida kinashika upande mmoja, mkono na mguu, mdomo unakwenda kombo. Huyu kashikwa miguu yote miwili na mkojo umefunga, juu ya kiuno yuko sawa. Hapo ni uti wa mgongo. Na ule muwasho wa ngozi ya tumbo ulikuwa salamu ya mwanzo, hakuna aliyeijua. Simlaumu daktari, ukiletewa mtu kapooza na hukuambiwa ametoka mita 27 utaandika kiharusi na wewe.

Kwa #5: mapovu huanza madogo, yanakua, yanaziba vimishipa, mahali panavimba. Wengi huonyesha ndani ya saa 1 tangu watoke majini, wengine baada ya saa 6, na karibu wote ndani ya saa 24. Nusu saa ni kawaida kabisa.

Mpemba, walimpa oksijeni? Na ni siku ngapi sasa?

#7 Mpemba_Halisi
Ahsante bi mkubwa. Wiki ya tatu leo. Oksijeni alipewa hospitali ya pili, siku ya pili. Siku ya kwanza usiku alikuwa kwa mganga. Sasa anasimama kwa kushika ukuta.

#8 Ami_wa_Gazi
Salaam kutoka Kwale. Huku kwetu wazamiaji pia wako na haya mambo, lakini mimi najua zaidi ya masikio. Ami yangu ni mvuvi wa pweza, hana mtungi, ni pumzi yake tu na miwani na mkuki. Sikio la kushoto halisikii tangu nikiwa mdogo. Alishuka na mafua, sikio likakataa kufunguka, akajikaza. Asema alisikia "paa", maji baridi yakaingia kichwani, dunia ikazunguka asijue juu ni wapi. Alifuata mapovu yake mwenyewe ndio akajua njia ya kwenda juu.

Na huyo hakufika hata pima 4. Kwa hivyo #3, mita kidogo zaumiza pia.

#9 Ticha_Fizikia
Tena hizo za mwanzo ndizo kali kuliko zote. Kutoka juu mpaka mita 10 hewa iliyofungwa ndani ya sikio inapungua ikawa NUSU. Kutoka mita 20 mpaka 30 inapungua kutoka theluthi kuwa robo tu. Ndiyo maana mtu anabana pua na kupuliza polepole mapema, kabla maumivu hayajaanza, kila akishuka kidogo. Mwenye mafua abaki nyumbani.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mtu anayevuta hewa ya mtungi chini akabana pumzi na kupanda, hewa kifuani inataka kuwa maradufu. Mapafu yanaweza kupasuka kwa mita moja na kitu tu. Na huyo haumii baada ya nusu saa, anatokea juu anapiga kelele moja anazimia.

#10 Mzee_Ubani
Nimewasoma. Bahari ina wenyewe, na aliyezaliwa pwani hacheki jambo hili. Sisi tulikuwa hatutii chombo maji mahala kama pale bila kusoma dua. Siku hizi vijana wanaingia na mitungi mitano na redio.

#11 Kibaraka_wa_Buguruni
Shikamoo mzee. Ila jini huyu basi kasoma, maana anawakamata wale wale waliokaa chini kupita dakika zao 😂

#12 Mzee_Ubani
Marahaba. Na yule mwenzake, yeye alikaa kidogo?

#13 Kibaraka_wa_Buguruni
😶

#14 Divemasta_Nungwi
Mzee kapiga palepale. Nimefanya kazi ya kuzamisha wageni miaka mingi, wacha niseme.

Mita 27, mtungi wa kwanza wa siku, jedwali la wazamiaji linakupa karibu dakika 25 kabla ya kulazimika kusimama njiani ukipanda. Sasa piga hesabu: mtungi wa lita 12 uliojazwa vizuri una lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta mfuko wa majongoo anapumua kama lita 25 kwa dakika, zidisha kwa 3.7. Mtungi unakwisha dakika ya 26. Kwa hiyo KILA mtungi ulimfikisha ukingoni, na naitrojeni ya wa kwanza haijatoka anabeba wa pili. Wa tatu. Wa nne. Mimi mgeni wangu namruhusu mizamo miwili, mmoja mmoja, katikati tunakula tikiti. Napanda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, nasimama dakika 3 kwenye mita 5. Ana kompyuta mkononi inampigia kelele. Shemegi yako alikuwa na nini mkononi?

#15 Mpemba_Halisi
Saa ya Casio. Haionyeshi kina.

Lakini hesabu yako, kaka, inawahusu wote wawili.

#16 Kiziwi_wa_Mafia
Mimi nilizamia huko kusini zamani kabla sijaacha. Tulikuwa hatujui chemba ya presha wala nini. Mtu akishikwa, tunamvalisha mtungi mwingine tunamrudisha chini. Wallahi miguu inarudi kule kule majini, unamwona anapiga mapezi. Tunampandisha polepole kwa kamba. Wengine walipona wakazama tena kesho yake.

#17 Divemasta_Nungwi
Na wengine?

#18 Kiziwi_wa_Mafia
Mmoja tulipandisha maiti. Mwingine alirudi juu akawa mbaya kuliko alivyoshuka. Sikatai.

#19 Nesi_Mstaafu
Ahsante kwa ukweli wako. Kisayansi jambo lenyewe si ushirikina: presha ikirudi povu linabanwa, damu inapita. Wavuvi wazamiaji wa Hawaii wamelifanya sana na wengi walipona. Ila ukimrudisha na hewa ya kawaida unamwongezea naitrojeni ile ile iliyomuumiza. Wanaofanya kwa utaratibu hutumia oksijeni tupu, kina kidogo kama mita 9, na mtu wa kumshika muda wote. Aliyepooza na anayetapika, majini anazama tu.

Chemba inafanya kazi ile ile kwenye nchi kavu. Anaingizwa kwenye chuma, presha inapandishwa mpaka sawa na mita 18, anavuta oksijeni, anarudishwa taratibu karibu saa 5. Hata akichelewa siku kadhaa inafaa kujaribu. Mpemba, mwulize Divemasta, Unguja ipo. Piga simu kwanza. Na asisafiri kwa ndege kama kuna boti.

#20 Salma_Muscat
Salamu kutoka Oman. Naomba kuuliza, wazamiaji wa lulu wa Ghuba walikuwa wanashuka kutwa, miezi, bila mtungi. Jiwe mguuni, kibano puani, kamba kiunoni, na mwenzake juu anamvuta. Mbona hao hatukusikia wamepooza? Si ndiyo dalili kwamba mtungi wenyewe ndio mbaya?

#21 Ticha_Fizikia
Dada Salma, swali zuri, na jibu la haraka ni kwamba asiye na mtungi anashuka na hewa ya kifua kimoja tu, haongezi nyingine chini. Naitrojeni ya kumuumiza hapati.

#22 Tabora_Hadi_Tahiti
Ticha, hapo na wewe simama. Visiwa vya Tuamotu kule Polinesia wazamiaji wa lulu walikuwa na ugonjwa waliouita taravana, maana yake kama kuanguka na wazimu. Pumzi tupu, hakuna mtungi. Walishuka zaidi ya mita 30, mara nyingi kwa saa moja, wakipumzika juu dakika chache. Wengine kizunguzungu, wengine kupooza, wengine kufa. Naitrojeni kidogo kidogo ya kila mzamo ilijikusanya. Na Herbert Nitsch wa Austria, bingwa wa pumzi moja, mwaka 2012 kule Santorini alishuka mita 253 kwa mzamo mmoja tu, akapata mapovu kwenye ubongo. Ilibidi ajifunze upya kutembea na kusema.

#23 Ticha_Fizikia
Nimesimama. Sikuijua taravana.

#24 Chuma_Mboga
😂😂 Karibu ticha, huku nyuma tumekuwekea kiti.

#25 Mwanza_Mawe
Jambo moja la hewa kubanwa linaniuma kila nikiona mada hizi. MV Bukoba, 21 Mei 1996. Ilipinduka, tumbo likabaki juu, watu walio ndani wakawa wanagonga. Wakaitoboa, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama. Nilikuwa mtoto. Hakuna fizikia iliyowahi kunifundisha zaidi ya ile.

#26 Tabora_Hadi_Tahiti
Mungu awarehemu. Ndiyo maana kisa cha Harrison Okene wa Nigeria kiliniliza. 2013, mpishi kwenye meli ya kuvuta nyingine, ikapinduka ikalala chini mita 30 naye ndani, kwenye mfuko wa hewa. Saa 60 hivi. Wazamiaji walienda kutoa maiti, mkono ukamshika mmoja wao. Sasa angalia: yeye hakuzama na mtungi, lakini kwa saa 60 alikuwa akivuta hewa iliyobanwa na maji ya mita 30. Mwili ulijaa naitrojeni yote unayoweza kubeba. Wangempandisha kwa furaha moja kwa moja angekufa juu ya maji akiwa ameokolewa. Walimtoa kwa kengele ya kuzamia, kile chumba cha chuma chenye hewa kinachoshushwa na kupandishwa, akakaa chemba zaidi ya siku 2.

#27 Kibaraka_wa_Buguruni
Nilikuja kucheka, sasa nasoma mpaka usiku. Haya mambo ya dakika 25 nani alikaa akahesabu?

#28 Ticha_Fizikia
Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba ni naitrojeni. Kabla yake wajenzi waliokuwa wanachimba ndani ya masanduku yenye hewa iliyoshindiliwa, kama kwenye daraja la Brooklyn, walikuwa wanapinda kwa maumivu bila kujua kwa nini. Mhandisi mkuu wao Washington Roebling alishikwa mwaka 1872, mkewe Emily ndiye aliyekuwa akienda kazini badala yake mpaka daraja likafunguliwa 1883. Jedwali la kwanza la kupanda kwa vituo ni la John Haldane, Uingereza, 1908. Alijaribu kwa mbuzi.

#29 Chuma_Mboga
Mbuzi wa nyama au mbuzi ya nazi?

#30 Ticha_Fizikia
Wa nyama. Aliangalia nani anainua mguu kwa maumivu. Na Mpemba sikia hili, maana ni swali lako: mbuzi waliowekwa presha ile ile, muda ule ule, wakapunguziwa presha pamoja, wengine walichechemea na wengine walikwenda kula majani. Mbuzi hawana wivu wala mahala palipo na mwenyewe. Hata hivyo ilichagua.

#31 Mzee_Ubani
Umesema ilichagua. Hukusema kwa nini.

#32 Nesi_Mstaafu
Kuna sababu moja inayojulikana. Tukiwa tumboni mwa mama sote tuna kijitundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Kwa karibu mtu 1 kati ya 4 hakizibi sawasawa maisha yote, na hajui. Mapovu madogo yanayokwenda mapafuni kuchujwa yanapita pale yanaingia upande wa pili, yanafika kwenye ubongo na uti wa mgongo. Akijikaza kuvuta mfuko mzito ndio mlango unafunguka zaidi.

#33 Divemasta_Nungwi
Inawezekana, lakini mimi kwanza naangalia maji. Kutwa juani chomboni, hanywi, damu inakuwa nzito. Alikuwa amefunga?

#34 Kiziwi_wa_Mafia
Mimi ningeuliza nani aliwajazia. Kompresa ya kujazia mitungi ni ya petroli, bomba la moshi hapa, bomba la kuvuta hewa hapa, upepo ukigeuka mtungi mmoja katika mitano unajaa moshi. Kwetu mtungi kama huo tunauita "wenye harufu".

#35 Nesi_Mstaafu
#34 moshi unaua, ni kweli, tena chini unakuwa mkali zaidi. Lakini kwa kawaida utaanza na kichwa kuuma na kutapika. Haukati miguu ukamwachia mtu akili ya kuvuta sigara.

#36 Ami_wa_Gazi
Nami nasema ni ule mtungi wa tano. Yeye hewa ilimuishia akapanda mbio. Mwenzake je, yake iliisha? Hapo ndio tofauti. Mpemba kamuulize.

#37 Mpemba_Halisi
Nimerudi. Samahanini kwa kukawia, mtandao huku wa kubahatisha. Nimekwenda mpaka kwa mwenzake nimekaa nae barazani.

Hakufunga, si Ramadhani. Maji hawakunywa, kahawa tu. Mitungi ilijazwa pamoja, haikuwa na harufu. Anasema yeye wa tano alipanda na hewa imebaki kidogo, hakukimbia sana. Halafu kaniambia jambo ambalo shemegi hakulisema: wa nne alipofika juu mfuko ukamponyoka, akavuta pumzi akarudi kuufuata mpaka chini kabisa, akapanda nao, wala hakupumzika akavaa wa tano.

#38 Divemasta_Nungwi
Haya. Juu, chini, juu, chini. Mapovu ambayo mapafu yalikuwa yanayachuja yakabanwa yakawa madogo, yakapita. Ndilo jibu lako hilo.

#39 Nesi_Mstaafu
Au yamepita kwenye tundu langu la #32.

#40 Mzee_Ubani
Au mfuko haukuponyoka wenyewe.

#41 Mpemba_Halisi
😅 Mzee wangu.

Kuna moja zaidi. Chemba wamekubali kumpokea, Jumatatu tunavuka kwa boti inshallah, ahsanteni nyote. Lakini nilipokuwa naondoka, huyu mwenzake, huyu "mzima", alikuwa anajisugua bega kwa mafuta ya mkaratusi. Nikamuuliza. Kasema bega hili humuuma kila akitoka kuzama, miaka mitatu sasa, usiku halali upande ule, kesho yake akishuka chini linapoa. Anasema ni la kubeba mitungi.

#42 Nesi_Mstaafu
Linapoa akishuka chini?

#43 Divemasta_Nungwi
Mpemba, mchukue na yeye Jumatatu.

#44 Nesi_Mstaafu
Na kabla ya hapo apigwe eksirei ya bega na ya nyonga, wamwangalie mfupa wenyewe. Bega lipi, moja au yote mawili?

#45 Mpemba_Halisi
La kulia. Nangoja nimpigie nimuulize la kushoto.